Seva Haijibu, Nami Sauti Haitoki

Mpendwa Mama Poni, naomba unisaidie, na tafadhali usitaje jina langu kwa sababu darasa letu lote hapa Koboko husikiliza kipindi chako.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, ninapenda vitabu kuliko mpira, na mwaka huu Madam Filda, mlezi wa klabu ya maktaba, alinikabidhi orodha ya vitabu vya shule iliyo ndani ya kompyuta. Mashine ya kwenye meza ya pembeni ndiyo seva, yaani orodha yote inakaa humo na mashine nyingine zinaisoma kupitia waya, na tuliijaza muhula mzima, kitabu kimoja kimoja, mpaka nikaanza kuota majina ya waandishi. Mashine zetu zote zilitoka kwa mfadhili mmoja, zinafanana kama mapacha, na kwa kuwa sola yetu haina nguvu tunawasha za mstari wa mbele na ile ya pembeni tu, za nyuma zinapumzika.

Jumamosi tulifanya usafi mkubwa wa siku ya wazazi, wavulana wakabeba mashine zote hadi barazani, wakazifuta vumbi, wakapiga deki, wakazirudisha, nami nilisimama pale na kitambaa mkononi nikitaka kusema "jamani, polepole," lakini sauti haikutoka. Jumatatu tukawasha, na kila mashine ikasema imeshindwa kuunganishwa na seva. Nikakagua waya, nikazima na kuwasha, mwishowe nikaifungua ile ya pembeni nitafute programu ya hifadhidata, na Mama, haimo! Haimo kabisa, kama vile haikuwekwa tangu dunia iumbwe, na orodha yetu haimo.

Sasa Ocama wa darasa letu kila akiniona anapiga kelele, "Wewe, seva yako iko na malaria, peleka ipimwe damu!" na darasa linacheka. Ijumaa klabu ya maktaba ya shule moja ya Ediofe inatoka Arua kuja kuiona kazi yetu, na mwalimu mkuu amesema tukishindwa, chumba kitakuwa stoo ya maharage. Latifu, anayejua kompyuta kutuzidi sote, ameniambia, "Dada, hii imekufa. Alhamisi nafuta mashine zote, naweka mpya. Naanza na za nyuma." Moyo wangu unakataa ingawa sina sababu, lakini nikimkaribia Latifu ulimi unanata. Je, nimwache afute? Au wewe umwambie redioni asubiri, ili mimi nisiseme?

Mpenda Vitabu, Koboko

MAMA PONI ANAJIBU

Binti yangu, kaa kwanza, kunywa maji. Hakuna msiba.

Mimi kompyuta naijua ya kuandikia tu, kwa hiyo barua yako nilimsomea Wahabu, fundi wa studio yetu hapa Arua. Nilipofika kwenye deki, aliweka kikombe cha chai chini akaanza kucheka. "Mama, hiyo seva haijakufa. Iko nyuma, inalala."

Umeelewa? Mapacha walitoka nje kuoga, wakarudishwa kila mmoja kwenye kitanda cha mwenzake. Tangu Jumatatu unamtibu pacha asiyeumwa! Ile ya pembeni haina programu kwa sababu haijawahi kuwa nayo. Seva yako ya kweli, pamoja na jasho lenu la muhula mzima, iko mstari wa nyuma ambako hamuwashi, na ndiko Latifu anakotaka kuanzia kufuta. Moyo wako ulikuwa na akili kukuzidi.

Kesho Alhamisi, kabla ya kengele, ingia na Madam Filda. Zimeni za mbele ili sola itoshe, kisha washeni za nyuma moja baada ya nyingine mkitafuta ile programu. Mkiipata, msibadilishe kitu chochote ndani yake. Irudisheni pembeni, chomekeni waya wa mtandao, muiwashe kabla ya zile za mbele. Wahabu anasema zitaunganishwa zenyewe, kwa sababu anwani ya seva kwenye mtandao inatembea nayo, haibaki mezani. Halafu nakili orodha kwenye flashi mbili, moja akae nayo Madam. Na hiyo mashine iandike SEVA ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kiasi cha Ocama kuzisoma akiwa getini.

Sasa nikugombeze kidogo. Aibu si kosa; hata mimi siku yangu ya kwanza redioni nilisahau jina la kipindi. Lakini wewe ndiye unayeijua ile orodha, na watu wazuri wanaweza kuiharibu huku wewe umeshika kitambaa. Latifu si adui yako. Anataka kusaidia, ila hajui, na hatajua usipomwambia.

Unaniomba nimwambie mimi? Hapana. Majina yenu nyote nimeyabadilisha, na asubuhi ya kesho ni yako. Akikaidi baada ya kukusikia, nipigie simu, nami nitalitangaza jina lake pamoja na la baba yake.

Maneno ni mawili tu. Hapo ulipo, zima aibu, ongeza sauti ya redio, useme kwa nguvu: "Latifu, subiri."

Sijasikia. Rudia.