Mama, Wewe Uliishia Getini

Mama,

Umenipigia simu ukicheka. Ng'ombe wa mahari wamefika kwetu, umesema, wazee wamekula wakashiba, na sasa umefunguliwa. Jumamosi utashuka kutoka Molo, uingie nyumbani kwangu Section 58, uvue viatu, ulale kwangu, umbebe mjukuu wako Nekesa mgongoni mpaka yeye ndiye achoke. Nilikwambia nitakujibu. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa maombi, na naandika wazi kwa sababu si wewe peke yako uliyesimama pale uliposimama.

Nitaanza na Molo, maana hapo ndipo nilipokupenda.

Mke wa mtu akijifungua, ulikuwa unaitwa wewe. Uliacha viazi mtaroni, ukafunga leso kiunoni, ukaniambia nibebe kuni nikufuate. Ulimketisha mzazi kwenye kigoda, ukachovya kitambaa kwenye maji ambayo mimi sikuthubutu kutia kidole, ukamkanda tumbo na mgongo huku akilia. "Lia, mama, lia," ulimwambia, "lakini usisogee." Baadaye ulimnywesha uji wa wimbi, ukamchukua mtoto mikononi mwake, ukasema neno lile ambalo nililingoja kuliko uji wenyewe: "Sasa lala. Mtoto ana watu."

Niliwaona wanawake wazima wakilala hapo hapo, midomo wazi, kama waliopigwa. Nilijiambia: siku yangu ikifika, mikono hiyo itakuwa yangu bila kuombwa.

Siku yangu ilifika. Nilipasuliwa, unajua. Mume wangu Simiyu alikuwa na lori la viazi njiani kwenda Mombasa, na tajiri wake si mtu wa kuambiwa habari za wake. Nilirudi nyumbani na mshono, na mtoto ambaye hakujua kunyonya, na mimi sikujua kunyonyesha. Nikakupigia simu. Ukaja siku iliyofuata, na kuku aliyekwisha kuchemshwa, na chupa ya uji, na leso mpya. Nilisikia sauti yako kabla sijakuona. Nikalia kwa furaha, nikasukuma mlango, nikakuona umesimama nje ya geti la ploti, umeshika vyuma kwa mikono miwili.

"Ingia, mama."

"Siwezi, mwanangu. Huyu kijana hajatoa chochote. Nyumba ya mkwe haiingiwi hivyo."

"Hii si nyumba yake, ni ya kukodi!"

"Unalala naye humo? Basi ni yake."

Jirani yangu Mama Shiro alikuwa anaanika nguo. Unamkumbuka, mdomo wake hauna breki. "Mathe, ingia tu," akakwambia. "Hata mtu wa stima huingia hapa kusoma mita."

"Mtu wa stima hana binti humo ndani," ulimjibu.

Mama Shiro akacheka mpaka akashika kamba ya nguo. Mimi pia nilicheka, mshono ukaniuma. Tulidhani ni mzaha ambao ungeisha.

Haukuisha. Ulipitisha chupa katikati ya vyuma. Ulipitisha leso. Kuku hakupita, ikabidi Mama Shiro ampokee juu ya geti. Nikamleta Nekesa, ukamtazama kwa jicho moja kwenye nafasi kati ya chuma na chuma, ukasema ana paji la uso la mama yako. Halafu ukaniuliza kama nimekandwa. Nikakwambia nikandwe na nani. Ukaanza kunifundisha kutoka pale barabarani, kwa sauti ya juu, watu wakipita: "Maji yachemke kabisa! Kitambaa kizito! Anzia juu ya kitovu, usiguse mshono!"

Nikakutii, mama. Hilo ndilo sijamaliza kulitafuna. Nilimlaza mtoto kitandani, nikabandika sufuria ile kubwa, na maji yalipochemka nikaiinua peke yangu. Nikainama na mshono ukavuta. Sufuria ikanigeukia pajani.

Ulinisikia. Usiseme hukusikia, Mama Shiro alisikia akiwa amejifungia chooni. Na mimi nikiwa sakafuni, Nekesa akilia kitandani, nilisikiliza kitu kimoja tu: mlio wa komeo la geti. Halikuwa na kufuli. Lilihitaji kusukumwa tu.

Nilichosikia ni sauti yako ikiita, "Mama Shiro! Mama Shiro, kimbia!"

Uliita vizuri. Uliita kwa machozi. Mama Shiro anasema alipofika mlangoni aligeuka, akakuona umepitisha mikono yote miwili ndani ya vyuma mpaka mabegani, na miguu yako iko nje. Alinimwagia maji baridi, akamchukua mtoto, akaniambia kwa hasira, "Mathe wako anataka nini pale, picha?"

Baadaye ulinieleza. Ungevuka, ulisema, laana isingekuja kwako, ingekuja kwa mtoto. Ulimwona binamu yako akivuka, ukaona kilichomfika mjukuu wake. Naamini unaamini. Ndiyo maana sikuchukii kwa ujinga, nakuchukia kwa hesabu. Ulipima mimi na mtoto, na ukapima woga wako, na ukasimama upande uliokuwa mzito.

Sasa nikwambie kazi ninayofanya, maana huwa unawaambia watu kanisani kwamba niko ofisini. Siko ofisini. Napita nyumba kwa nyumba Karagita, kwa wale wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua, nikiwauliza waliojifungua karibuni wana watu gani. Kuna mtu wa kumshika mtoto ukioga? Kuna mtu wa kukupikia? Kuna mtu unayeweza kulia mbele yake? Majibu kwenye fomu ni manne tu: kamwe, mara chache, mara nyingi, daima.

Mmoja alinipokea kwenye chumba chake kimoja, mtoto amefungwa kifuani, anakoroga ugali kwa mkono mmoja. Nikamuuliza nani anamshika mtoto.

"Mama," akasema.

"Mama yuko wapi?"

"Bungoma."

"Anamshikaje akiwa Bungoma?"

Akacheka. "Aki madam, wewe andika tu mama. Nisipomtaja yeye, nitamtaja nani?"

Nilijua jibu hilo. Hata mimi, kliniki, paja langu likiwa bado na bandeji, nesi aliponiuliza nani ananisaidia nyumbani, nilisema mama. Akaridhika, akaita anayefuata. Hivyo ndivyo mnavyofaulu mitihani yenu, nyinyi akina mama: sisi ndio tunaowajazia majibu.

Nikamtazama yule dada, nikatia alama kwenye kamwe. Aliona kalamu yangu ilipotua. Aliacha kukoroga. Sikuomba radhi, na sitaomba. Mtu akiandikiwa daima, hakuna atakayekuja kumsaidia.

Nimekuuliza na wewe maswali hayo, mama, kimoyomoyo, moja moja. Nimekupa uji, nimekupa kuku, nimekupa leso. Nimekupa hata machozi, maana yalikuwa ya kweli. Lakini swali la kumshika mtoto nimelijibu nilivyolijibu kwa yule wa Karagita.

Na sasa ng'ombe wamefika, na umefunguliwa. Paja langu lilipona kabla hawajafika. Nekesa alijifunza kunyonya, akaacha kunyonya, akatembea, kabla hawajafika. Mtu wa kwanza ambaye Nekesa alimwita mama hakuwa mimi wala wewe. Alikuwa yule aliyekuwa anaanika nguo.

Kwa hiyo njoo Jumamosi. Sikukatazi. Mahali unapajua. Njoo na chupa ya uji, itapita kama ilivyopita. Simama pale pale, mimi nitakuwa mlangoni. Nekesa sasa hukimbia kila akisikia mtu getini, na akikukimbilia sitamrudisha. Mguse katikati ya vyuma, mwimbie, mwambie ana paji la uso la nani. Komeo lenyewe hajalifikia bado, na mimi sitalisukuma.

Ukichoka kusimama, rudi Molo bila wasiwasi.

Mtoto ana watu.

Binti yako,
wa upande wa ndani