Upinde wa Mkole Unarudi Zombo

Mikumi,
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje kwenye jua la asubuhi, na siyo kitandani. Mama naye shikamoo. Najua ndiye anayekusomea, basi asome polepole na asiruke mahali. Sisi huku hatujambo. Naomi ameanza kutembea. Anashika ukuta, anaachia, anaangukia matako, anacheka mwenyewe. Mkwe wako Hezekia anaendelea na kazi yake ya kutengeneza baiskeli hapa karibu na barabara kuu, ila vumbi la malori linamkohoza.

Mzigo mrefu aliouleta huyo dereva wa bodaboda, uliofungwa kwenye gunia, msiufungue kwanza. Nisomeni mpaka mwisho.

Baba, nilipokuja huko Zombo kuwaona baada ya mavuno nilirudi na huzuni. Tangu ugonjwa ulipoulegeza mkono wako wa kulia, sijawahi kukuona umenyamaza vile. Mzee Lupakisyo alikuja na mishale yake butu kwapani, kama mlivyozoea kila Jumapili, akasema mgomba wenu wa shabaha unakusubiri, na kwamba akilenga peke yake anaukosa mpaka nyani wa shambani wanamcheka. Wewe ukageukia ukutani. Alipoondoka ukamwambia mama autoe upinde wako wa mti wa mkole humo ndani, amgawie mtu au achochee nao moto. Mama akanipa mimi. Ulidhani Hezekia ataufanya wa kufukuzia mbwa.

Hezekia sikumpa. Nilitafuta kipande cha chupa, nikakaa uani, nikaanza kuukwangua ili ulegee.

Jirani yangu Yusrah aliponiona aliuliza kama nimemchoka mume, au nataka kwenda kumchokoza tembo wa hifadhini nikamatwe na mtoto mgongoni. Nikamwambia ni upinde wa baba yangu wa kutishia nyani kwenye mahindi, na mishale yake haina chuma. Akasema basi nimpe na yeye akwangue. Hakufika mbali, akabaki kumshika Naomi asile maranda.

Kazi yenyewe naijua kwako. Nilipomaliza darasa la saba nikakaa nyumbani, nilikuwa naokota maranda yako ya kuwashia moto, na wewe ukinielekeza. Ulisema mti ukwanguliwe upande unaomtazama mvutaji, mgongo usiguswe. Ulisema nivute kidogo, niachie, nitazame mkono wa juu na mkono wa chini wa upinde, na ule unaogoma kupinda ndio niupunguze.

Nikatazama, nikaona wa chini unagoma. Nikaukwangua mpaka ikapinda sawasawa yote miwili. Nilifurahi, nikamwita Hezekia ajaribu. Alipovuta na kuachia, upinde ulimruka mkononi, akasema unapiga teke kama punda. Hapo ndipo nikakumbuka. Wewe huwa unauacha mkono wa chini uwe mgumu kidogo kwa makusudi, kwa sababu kiganja kinashika chini ya mshale, na mkono huo wa chini wa upinde ndio unaobeba zaidi. Mimi nilikuwa nimeutibu upinde usiougua.

Niliuweka mapajani nikalia, Baba, maana mti ukishatoka haurudishwi. Hezekia akasema tuufunge kwa mpira wa baiskeli. Nikajikuta nacheka na machozi yangu. Nilikuwa nimebakiwa na njia moja tu, kuupunguza na ule wa juu mpaka uwe laini kuliko wa chini. Nikakwangua kidogo, nikavuta, nikakwangua tena. Teke likapungua, kisha likaisha. Lakini kila nilipokwangua upinde ulizidi kuwa mwepesi, na sikutaka nikutumie mchezo wa watoto. Ungejua mara moja, na usingeushika tena.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Siku ile ya kuondoka nilikuomba unishikie ndoo ya mahindi kwa mkono wa kulia, nikasema nimechoka mgongo kwa kumbeba Naomi. Ukaishika. Mimi nikawa naongeza mahindi kwa kikombe, taratibu, mpaka ukanung'unika kwamba maisha ya mjini yamenifanya mzembe. Mkono ulipoanza kutetemeka nikaipokea. Mgongo wangu haukuwa umechoka, Baba. Nilikuwa naupima mkono wako.

Ndoo ile nilikuja nayo Mikumi vilevile, na sikuruhusu itolewe hata punje. Hezekia aliuliza kwa nini tunanunua unga na mahindi yapo ndani. Nikamwomba awe na subira.

Jana niliulaza upinde juu ya vigingi, nikaitundika ndoo kwenye kamba yake. Kamba ikashuka polepole mpaka kwenye alama ya mkaa niliyochora ukutani, pale mkono wako unapofika ukivuta mpaka kifuani. Nikapunguza mahindi kidogo, nikakwangua kidogo tena, ikashuka palepale. Nilitaka ukivuta ubakiwe na nguvu ya kulenga.

Sasa fungueni gunia. Kamba ni mpya, ya mkonge, nimeisokota mwenyewe. Mama amtume mtu kwa Mzee Lupakisyo amwambie Jumapili ijayo asilenge peke yake. Ukiuona bado mgumu nitakuja na chupa yangu, tutaukwangua pamoja. Ila usiseme huwezi, Baba. Ndoo uliibeba.

Na leo mahindi yale Hezekia ameyapeleka mashine. Kazi ya kupimia imekwisha. Jioni tunayala.

Naomi anawaamkia shikamoo, ingawa kwa mdomo wake inatoka "moo" tu. Hezekia anawasalimu sana. Mama, nibusie mkono wa Baba, ule wa kulia.

Ni mimi binti yenu,
Selestina, mama Naomi