Fomu Nane za Njano

Ofisi ya Ustawi wa Wanafunzi,
Jengo la Utawala, Chumba Na. 14.
Alhamisi, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na goti halikusumbui tena unapopanda zile ngazi za wodi ya wazazi. Bibi anaendeleaje na macho? Mimi mwilini sijambo. Usingizi ndio umenikimbia, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikuandikie wewe kabla ya mama.

Unakumbuka nilikueleza kazi yangu. Wanafunzi wapya ambao wenzao ni wachache hapa chuoni, wenye ulemavu, waliotoka mbali, au ambao kwao hakuna aliyewahi kufika chuo, tunawapa kila mmoja mlezi: mwanafunzi wa miaka ya juu aliyefundishwa uongozi. Hukutana kila mwezi, hujaza fomu ya njano, wote wawili hutia sahihi, nami huzitunza fomu hizo kabatini.

Mlezi akihitimu, jalada lake huingia kwenye sanduku la waliohitimu. Kabla ya hapo karani, yaani mimi, hutoa karatasi za wanafunzi wake na kuwatafutia mlezi mwingine. Mwaka jana nilihamisha majalada sitini kwa siku mbili. Karatasi moja ilinata nyuma ya jalada, nami sikuiona. Ilikuwa ya kijana asiyeona, ambaye wenzake humwita Wakili kwa sababu hajawahi kushindwa kwenye mabishano.

Kwa miezi minane Wakili hakuwa na mlezi. Alikuja dirishani mara mbili kuuliza, nikamwambia avute subira, majina bado yanapangwa. Shangazi, sikufungua hata kabati.

Muhula ulipoisha, mitihani miwili ilihamishiwa jengo jingine. Tangazo lilibandikwa ubaoni, na kusomewa matangazo ilikuwa kazi ya mlezi. Mfagizi alimkuta Wakili peke yake kwenye ukumbi mtupu, fimbo yake mapajani, akisubiri karatasi zigawiwe. Alikuwa amekaa pale saa mbili nzima. Akaandikiwa kwamba hakutokea, na kwa kanuni zetu akaondolewa masomoni. Akakata rufaa, akisema chuo hakikumpa mlezi wa kumsomea.

Hapo ndipo mratibu, bosi wangu, aliponiita na kufunga mlango. Wakaguzi wa wafadhili wa mpango huu wa walezi walikuwa njiani, na jalada la Wakili lilikuwa tupu. Alinipa fomu nane ambazo hazijajazwa.

"Si ulisoma historia wewe? Basi tuandikie historia ya huyu."

Nilimwambia kijana ana rufaa, na fomu hizo zitamwangusha.

"Na wewe una mkataba wa miezi sita," akasema. "Tuone nani ataanguka kwanza."

Nilijaza, Shangazi. Nilibuni tarehe, nikabuni mazungumzo, hata nikabuni ushauri mzuri. Kiongozi mmoja wa wanafunzi, anayetaka mratibu amuunge mkono kwenye uchaguzi wao, akatia sahihi ya mlezi. Mahali pa sahihi ya mwanafunzi niliandika "haoni".

Jumatatu rufaa ilisikilizwa, nami nilikuwa mwandishi wa kikao. Mwenyekiti alisoma kwamba chuo kilimpa mlezi, wakakutana mara nane. Wakili akageuza uso upande huu na upande ule.

"Mheshimiwa, mwiteni huyo mlezi aniamkue tu. Sauti ya mtu niliyekaa naye mara nane siwezi kuisahau."

Mjumbe mmoja akacheka kidogo. Mwenyekiti akaniuliza mlezi yuko wapi. Mratibu alikuwa ameketi mbele yangu, akichezea kofia ya kalamu. Nikajibu kwamba yuko mafunzoni. Kisha nikayaandika maneno yangu mwenyewe kwenye kumbukumbu za kikao. Rufaa ikatupwa.

Jana Wakili alikuja dirishani kuchukua barua yake. Aliipapasa, akanirudishia.

"Samahani, dada, nisomee. Mwenzangu aliyenisindikiza amekwenda darasani."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye zile fomu nane, nikaacha kusoma. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kila kitu, kuanzia ile karatasi iliyonata hadi lile neno "haoni".

Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika.

"Mimi nina sahihi," alisema mwishowe. "Mama alinifundisha, juu ya mchanga."

Akaniambia niyaandike yale niliyomwambia, kisha nimsomee. Nikaandika kurasa mbili. Alinifanya nirudie mahali pale nilipomwambia avute subira. Hakunisamehe, wala sikumwomba.

Leo asubuhi nimezipeleka kurasa hizo kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Katibu wake alipiga muhuri bila kuzitazama, akasema zitasomwa zamu yao ikifika. Kitanda cha Wakili bwenini amepewa mwingine kuanzia Jumamosi. Nimemuuliza katibu kama zamu itafika kabla ya hapo. Akaniambia ofisi haina Ijumaa yangu wala Jumamosi yangu.

Saa sita mratibu amechukua ufunguo wa kabati. Hakunigombeza. Amesema tu kwamba kesho nitakutana na kamati ya nidhamu, na kwamba hakumbuki kunipa fomu zozote. Yule kiongozi wa wanafunzi naye hanijui tena. Naogopa, Shangazi.

Nakuomba umweleze mama kabla hajasikia kwa watu. Nisalimie Bibi, dada na mapacha wake, na wauguzi wenzako wote. Mungu akulinde, na mikono yako iendelee kupokea watoto salama.

Watakapokuja kukuambia kwamba mwandiko wa zile fomu nane ni wangu, usibishane nao. Ni wangu.

Nakupenda, na nakuhitaji kuliko zamani,

Binti wa kaka yako.