Ombi la Mzunguko Mmoja

Sakina, Arusha

Shemeji yangu Eufrasia,

Tumsifu Yesu Kristo. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu barua yako. Nimeianza mara mbili nikaichana, kwa sababu utakayoiona. Je, mguu umepata nafuu, na mvua za Songea zimekuachia mahindi? Mimi mwili bado unanitii, ila baridi ya mlima huu huniingia magotini kila asubuhi.

Mwanetu Osmund ni mzima, na nyumba yake ni njema. Geti hufungwa mchana kutwa kwa kuogopa vibaka, nami hukaa ndani nikisikiliza mabasi ya Nairobi yakipita hadi arudi dukani. Simlaumu. Hakutaka nibaki peke yangu baada ya kumzika mama yake.

Tangu serikali iliporuhusu biashara huria, anauza vipuri vilivyotumika kutoka Ujapani, na katika mzigo mmoja alijiletea pikipiki kubwa ya mashindano. Jumamosi yeye na wenzake huenda upande wa Terrat, kwenye uwanja mdogo wa ndege usiotumika tena, wakapanga mapipa na kuyazunguka. Hunichukua nami nipunge upepo. Mwezi uliopita alianguka kwenye pipa la tatu. Hakuumia sana, lakini hofu imemkaa mikononi: hukamata usukani kama mtu anayening'inia, macho yameganda kwenye pipa, na kila akifika pale hushika breki katikati ya kona. Shemeji, hivyo ndivyo watu wanavyokufa. Nilimsihi aache. Alinijibu kwa adabu kwamba akiacha sasa, hofu itamfuata hata dukani, na kwamba kabla ya masika atashindana na wenzao wa Moshi.

Unakumbuka nilivyopeleka dawa za misheni kwa pikipiki, na kwamba Bruda aliyenifundisha alikuwa amewahi kushindana kwao ujanani. Unakumbuka pia kiapo nilichomwapia Filomena wangu mbele yako, akiwa kitandani mwa mauti, kwamba sitapanda tena. Kwa hiyo nilimfundisha Osmund kwa maneno, nimekaa kwenye stuli kando ya lami: legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, tazama unakokwenda wala si unachokiogopa. Aliitikia "Ndiyo, Baba" kwa kila neno, kisha akarudia yale yale.

Jumamosi ya juzi, alipokuwa akiliingia pipa la tatu, sikujitambua. Bega langu lilishuka, nyonga ikafuata, stuli ikapinduka. Osmund alisimamisha pikipiki akaja mbio akidhani nimepatwa na kiharusi.

"Baba, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakata kona," nikamjibu kutoka chini.

Alicheka hadi akavua helmeti. Kisha akaniomba nimwonyeshe. Hapo ndipo niliposhindwa, Shemeji. Pikipiki ilikuwa imezimwa, imesimama kwenye stendi, ufunguo mfukoni mwake. Nilipanda. Nikamwonyesha jinsi ya kusogeza (unisamehe neno hili) tako moja nje ya kiti kabla ya kona, si katikati yake, goti la nje likibana tangi, mikono ikibaki miepesi kama ya mtu aliyeshika kikombe cha chai. Kisha akapanda yeye. Alizunguka mara sita. Mara mbili hakugusa breki pale. Mara nne aligusa.

Ikiwa kukalia chombo kilichozimwa ni kuvunja kiapo, basi nimekivunja, nami naungama kwako kwa kuwa mwenyewe hayupo.

Sasa anahitaji kumfuata mtu anayeingia kona ile bila woga, auone mgongo wake. Wenzake hawajui kwenda polepole. Ameniambia mara moja tu, "Baba, nitangulie mzunguko mmoja," na hajarudia. Pikipiki ndogo ya fundi wake wa dukani ingenitosha. Nikibaki kwenye stuli, naogopa nitamzika. Nikipanda, namdanganya aliyekwisha kuzikwa. Wewe ndiwe uliyekuwa shahidi. Hakuna mwingine wa kunifungua kiapo hiki. Ukikataa, nitatii.

Nisalimie kaka yako mwalimu, na binti yangu wa ubatizo anayesomea uuguzi. Ukipita makaburini, nakuomba umwondolee Filomena majani upande wa kichwani, wala usimwambie neno bado.

Hadi jibu lako lifike nitakaa pale pale konani, nikiinama kila anapoinama.

Shemeji yako mtiifu,
Gaudensi