Mwenye Shamba Hajifichi

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Makambako baridi inang'ata, ila Neema, mwenye gesti niliyofikia, ananilisha viazi vya moto. Ndiye anayeniandikia kadi hii. Kumbe anajitolea kwenye chama chenu cha programu huria za kompyuta, anawatafsiria kwa Kibena. Kazi aliwatumia tangu masika, hamjamjibu, sasa anataka kuacha. Hapa amegoma kuandika. Nimemwambia, "Andika, mwanangu, huyo ni wangu kumsema."

Wewe, ukiita watu wakulimie, unajifungia ndani? Hata pombe ya kuwashukuru isipoiva unatoka, unasema poleni na kazi, unawaonyesha palipobaki. Mpigie leo, umwambie kazi yake imefikia wapi. Simu ameiweka mezani, katikati ya vikombe vyetu.

Ule ushibe, ujifunike vizuri.

Bibi yako