Mzinga Uliokatwa kwa Wembe

Mpendwa baba,

Dua zangu zikufikie huko uliko. Hapa Kibiti biashara sasa ni ruksa. Barabarani panauzwa mitumba, redio, hata vitu vya marehemu, na hicho ndicho kilichonipandisha hasira.

Unaikumbuka darubini yako ya mbao ya kutazamia picha, ile aliyoachiwa babu na mpiga picha wa vita vya Mjerumani? Kila Ijumaa ukitoka msikitini ulituketisha mkekani, mlangoni penye mwanga, ukachomeka kadi yenye picha mbili zinazofanana. "Tulieni," unasema, "macho yaelewane kwanza." Mara picha zinakuwa moja, na mzinga ulioopolewa kwenye meli iliyozama deltani unatutokea usoni, masanduku ya makombora nyuma yake. Mbele kabisa, kamba begani, topeni mpaka magotini, babu anauvuta. Hukukosa kunyoosha mkono hewani ukitaka kumshika bega. Tulikucheka mpaka mama akatugombeza.

Sasa sikia alichofanya mwanao. Arobaini yako ilipopita, Kaka Shomari aliikata kadi katikati kwa wembe. "Picha mbili sawasawa, mdogo wangu. Kila mtu na yake, kwisha maneno." Nikabaki na darubini na nusu moja. Nilipoichomeka, mzinga ulikuwa bapa kama chapati, na babu amepotelea kwenye kamba. Nililia kama siku tuliyokuzika.

Juzi nikasikia mnunuzi wa vitu vya kale anaitaka nusu ya kaka. Nimwachie babu yangu apakiwe kwenye pikapu? Thubutu! Nilibeba darubini na nusu yangu nikapanda gari la Bungu, anakoishi kaka. Nikamkuta mnunuzi keshafika, anasubiri nje.

"Umekuja kunigombeza?" kaka akauliza.

"Nimekuja kukuketisha. Lete nusu yako."

Alinuna, lakini akaileta. Nikazipanga ubavu kwa ubavu kwenye darubini, nikasogeza kidogokidogo, nikampa atazame. Nikamwambia kama ulivyotuambia: atulie, macho yaelewane kwanza.

Akatulia. Nje honi ikalia, ikalia tena. Mimi sikutoka, naye hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umenyooka hewani, vidole vikitafuta bega.

Kadi haiuzwi, baba. Nimezigundisha nusu zote mbili kwenye kipande cha boksi gumu, na darubini iko mlangoni penye mwanga. Lala salama.

Kitindamimba wako