Migomba ya Mama na Sheria Niliyoitetea

Jumapili, Makindye. Mvua imenyesha alfajiri, sasa jua linawaka kana kwamba halikuona kitu. Nimekaa barazani, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nakunywa chai bila haraka.

Wasomaji wangu mnanijua. Nimeandika hapa na kubishana redioni kwamba sheria ya kulinda mimea itekelezwe bila huruma: mgomba wenye mnyauko ung'olewe, na mkaguzi aingie shamba la yeyote. Ugonjwa hausomi hati ya kiwanja. Anayelilia "mali yangu" ndiye anayemwambukiza jirani. Sifuti hata neno.

Ijumaa asubuhi migomba mitatu ya mama yangu ilikuwa imenyauka, majani ya njano yananing'inia.

Aliipanda na marehemu baba. Kwake, kununua matoke sokoni ni aibu.

"Si wewe uliyesema redioni ing'olewe yote?" aliniuliza. "Haya, baba, shika panga."

Sikushika. Nilimpigia simu mkaguzi, kisha nikashinda nikitunga sababu za kuonyesha kwamba shamba la mama ni tofauti. Nilizipata nyingi. Zote ni zile ninazozichanachana wengine wakizitoa.

Mkaguzi alikuja jana, binti mchangamfu mwenye gambuti. Alipitisha kisu motoni kwanza kuua vijidudu, akakata shina. Mimi nilitazama ukuta.

"Mzee, njoo uone. Safi kabisa."

Hakuna usaha wa njano, ile dalili ya mnyauko. Akafukua kidogo pale chini, akatoa kipande cha mkaa, akacheka. "Nani alikuwa anapika?"

Jumatatu tulikuwa na maulidi. Nyumbani kwetu majivu yote huenda kwenye migomba, ndiyo mbolea yake. Wapishi waliyazoa chini ya masufuria ya pilau na kuyamwaga huko, makaa yangali hai.

"Mmemchomea jjajja, bibi yetu huyu, migomba yake," alisema binti. "Itachipua."

Mama alileta chai, akammiminia mgeni kwanza. Kisha akanigeukia. "Na wewe wiki hii usiende redioni. Pumzika."

Jana nililala kama mtoto.

Lakini usaha ungetoka, ningeshika panga? Nadhani ndiyo. Leo asubuhi nimelinoa, nikalisafisha kwa dawa ya jik, nikaliegemeza mlangoni. Mama amepita, ameliona, ameliacha palepale.